Ukigonga, Tunaachia

Kila asubuhi, kabla ya chai, nilijaza bilauri maji nikaiweka juu ya friji. Hayo hayakuwa maji ya kunywa. Yalikuwa maji ya kutazamwa.

Katika safu yetu ya makontena, kwenye kambi ya waliobomokewa, kila nyumba ilikuwa na bilauri ya namna hiyo. Wengine waliiweka mezani, wengine dirishani. Tuliamini kwamba ardhi ikitaka kutikisika, maji huanza kucheza kabla mguu haujahisi kitu. Hakuna aliyetufundisha. Baada ya tetemeko la Februari, watu wengi hapa Antakya, kusini mwa Uturuki, walianza tu kufanya hivyo, na sisi tukafuata.

Mlinzi wa bilauri yetu alikuwa Nergis, mtoto wa marehemu dada yangu Vahide. Alikuwa na miaka tisa. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, mikono ameibana katikati ya magoti, macho juu ya friji.

"Nergis, mwanangu, njoo unywe chai."

Hakugeuka.

"Maji yametulia?"

Aliitikia kwa kichwa.

"Basi njoo. Nimekuwekea mkate, na zaatari ya kuchovya na mafuta."

Alikuja, lakini alikaa upande ule ambao angeweza kuendelea kuyaona maji.

Kelele zilimtoa roho. Kontena ni bati, na upepo ukibamiza mlango wa bati, ni kama mzinga. Nergis alikuwa akisikia mlio huo anatoka nje bila viatu, mvua inyeshe isinyeshe. Kwa hiyo baba yake, shemeji yangu Hikmet, alibandika vipande vya sponji kwenye milango yote. Majirani nao wakabandika. Watoto walikatazwa kupiga mpira karibu na kuta. Kijana mmoja wa safu ya pili alipooa, ngoma na zumari zilipelekwa mbali kule barabarani, kwa ajili ya Nergis.

Hata Bi Sabiha alinong'ona. Huyu alikuwa mama mtu mzima aliyeoka mikate ya pilipili kwenye tanuri la udongo mwisho wa safu. Zamani sauti yake ilivuka Mto Asi.

"Semira, shoga yangu," aliniambia kwa mnong'ono, akinipa mkate wa moto uliofungwa kwenye kitambaa. "Mpe yatima wangu."

"Ana baba, Bi Sabiha."

"Baba! Huyo anarudi mtoto amelala, anaondoka mtoto amelala. Mama ndiye nyumba, bwana." Kisha alimpapasa Nergis kichwani, kama alivyofanya kila mtu aliyepita.

Nergis hakubeba hata sahani. Mimi nilimfunga kamba za viatu. Mtu akimuuliza jina, nilijibu mimi. Akitaka kitu, alinitazama, nikampa. Nani angemwambia hapana mtoto wa namna ile?

Nyumba ya dada yangu ilikuwa ghorofa ya tatu. Hikmet ni mwoka mikate, na alfajiri ile alikuwa kazini, mbele ya tanuri. Alipofika mbio, hapakuwa na ghorofa ya tatu wala ya pili. Alichimba kwa mikono. Nergis alitolewa siku ya pili, akiwa hai, vumbi limejaa hata kwenye kope. Vahide alitolewa baada yake.

Nergis hakuwahi kusema neno juu ya saa zile. Nasi hatukumuuliza.

*

Mwaka wa kwanza alisoma kwenye hema. Shule ilikuwa mahema manne uwanjani, na hema halina zege. Alikaa karibu na mlango, akasoma vizuri tu.

Kisha ikaja habari. Mahema yangeondolewa. Kuanzia Septemba watoto wote wangesoma katika jengo lililokarabatiwa, lenye sakafu mbili, nguzo za zege, dari ya zege.

Tulimpeleka kuliona. Alifika hadi getini, akashika vyuma vya geti. Nilipomvuta mkono, hakusogea. Nilipomvuta tena alitapika, akachafua gauni lake. Watoto waliokuwa wakicheza pale walimwona.

"Nergis wa bilauri!" alipiga kelele mmoja. "Mletee maji yake!"

Wakacheka. Nergis hakulia. Alitazama tu ukuta, kama mtu anayesubiri ukuta useme kitu.

Mwalimu mkuu alikuwa mtu mwema. Alisema wangemsubiri, lakini darasa la hema halingekuwapo. Hakuwa na kingine cha kutupa.

Tulipofika nyumbani Hikmet alikaa kizingitini, akatazama mikono yake yenye makovu.

"Basi akae nyumbani," alisema.

"Mpaka lini, shemeji?"

"Sijui, Semira. Akae. Mama yake alitaka awe mwalimu, na mama yake hayupo. Akae."

Jioni ile nilichoma ubani kama tufanyavyo kila Alhamisi kuwaombea wafu wetu. Nilimwomba dada yangu samahani. Kwa kuwa mtoto yule ndiye kitu pekee alichotuachia, na sasa tulikuwa tukimtazama akizama taratibu, akiwa mzima, mbele ya macho yetu.

*

Mwanzo wa kiangazi, kelele mpya ilianza kambini.

Pa! Kisha kimya. Pa! Pa!

Ilitoka kwenye hema kubwa jeupe lililokuwa likitumika kugawia nguo. Nergis aliruka kutoka kitini. Nilimkuta nyuma ya tangi la maji, amejikunyata, viganja masikioni.

Nilipandwa na hasira. Nilimwacha na Bi Sabiha, nikaenda moja kwa moja hadi kwenye hema.

Ndani kulikuwa na mikeka minene ya sponji ngumu, imepangwa sakafu nzima. Watoto kumi hivi walikuwa wamevaa kanzu nyeupe fupi na mikanda kiunoni. Mmoja mmoja walijiangusha chali na kupiga mkeka kwa kiganja. Pa! Mwanamke mmoja mfupi, mwenye mabega mapana na mvi za mapema, alikuwa akiwatazama.

"Dada, hizi kelele zitaisha lini?" nilimuuliza.

"Watakapojua kuanguka," alijibu. "Karibu. Vua viatu."

"Sikuja kukaa. Nina mtoto ametoka kwenye kifusi. Ninyi mnamuua."

Hakukasirika. Alikuja ukingoni mwa mkeka, akashuka ili tuwe sawa, maana mimi nilikuwa nimesimama chini.

"Naitwa Firdevs. Nafundisha judo. Mtoto wako anaogopa sauti, au anaogopa sauti asiyojua imetoka wapi?"

Niliutazama mkono wa mtoto aliyekuwa akipiga mkeka.

"Mlete aione," alisema. "Si lazima aingie. Akae nje, hapo turubai lilipokunjwa. Sauti ukiiona inatoka kwenye mkono wa mtoto mwenzako, inakuwa mkono tu."

"Na judo itamsaidia nini? Si kupigana?"

"Hatupigi mtu hapa. Hakuna ngumi, hakuna teke. Somo la kwanza ni kuinama, kumheshimu mwenzako. La pili ni kuanguka bila kuumia. Mtoto anayejua kuanguka haogopi sana kusimama. Na mtoto anayeogopa, mkimfanyia kila kitu, mnamwambia kila siku kwamba kweli hawezi."

Maneno yale yaliniuma. Nilitaka kumjibu vibaya. Lakini niliona mikeka mingine imechanika na kushonwa kwa uzi mnene.

"Hii mikeka umeitoa wapi?"

"Kwenye ukumbi wangu wa zamani. Chini ya kifusi chake." Alipapasa mshono mmoja. "Wanafunzi wangu walikuwa arobaini na kitu. Hawa hapa watatu ndio wa zamani. Wengine tuliwazika. Walikuwa wamelala vitandani, wala si kosa la kuanguka vibaya."

Alisimama, akawageukia watoto. "Gulnaz! Hicho ni kiganja au chapati? Piga tena!"

Pa!

*

Hikmet alikataa.

"Mtoto ametoka chini ya kifusi, nanyi mnampeleka akaangushwe tena? Una akili, Semira?"

"Anaangukia sponji, shemeji."

"Hata kama ni pamba!"

Bi Sabiha naye alisahau kunong'ona. "Msichana! Avae kanzu na suruali, abebane na wavulana! Kesho mtamtuma sokoni kubeba magunia?"

"Na wewe Bi Sabiha umebeba unga maisha yako yote."

"Ndiyo maana nasema! Nitazame mgongo!"

Lakini Nergis alisikia ugomvi ule. Siku iliyofuata, sauti zilipoanza, hakukimbilia tangini. Alisimama mlangoni, akanitazama. Nilisema kile ambacho Firdevs alisema.

"Ni mkono tu. Twende tukauone mkono."

Tulikaa nje, mahali turubai lilipokunjwa. Siku ya kwanza aliziba masikio muda wote. Mara ya pili aliziba sikio moja. Firdevs hakumwita. Alimpungia tu mkono, kama anavyompungia jirani, kisha akaendelea na kazi yake. Mimi nilitamani amwite, ambembeleze. Baadaye aliniambia, "Ningemwita, angekuja kwa ajili yangu. Nataka aje kwa ajili yake."

Siku moja Gulnaz alikuja ukingoni kunywa maji. Alikuwa wa umri ule ule, mnene kidogo, mdomo haulali.

"Wewe ndiye wa bilauri?"

Nilifungua mdomo nimjibu kwa niaba ya Nergis. Firdevs alinikazia macho kutoka mbali, nikaufunga.

"Ndiyo," alisema Nergis.

"Sisi tunazo mbili. Bibi yangu haiamini moja. Unataka kupiga mkeka? Piga hapa. Mwalimu anasema mkono wangu ni chapati."

Nergis alinyoosha mkono kutoka pale alipokaa. Alipiga mkeka. Kidogo sana, kama anamgusa paka.

"Hiyo nayo ni chapati," alisema Gulnaz.

Nergis alipiga tena. Pa!

Alijitazama kiganja. Kilikuwa chekundu. Kelele ile ilikuwa imetoka kwake mwenyewe. Alipiga tena, na tena, mpaka mimi nikageuza uso, kwa kuwa sikutaka aone ninalia.

Kabla ya juma kwisha, alivua viatu mwenyewe. Kamba zilimchukua muda mrefu. Nilizuia mikono yangu.

*

Hikmet alijua, lakini alijifanya hajui. Alipita mbali na hema. Siku nyingine nilimwona amesimama nyuma ya tangi la maji, palepale Nergis alipokuwa akijificha.

Kiangazi kilikolea. Pilipili nyekundu zilitandazwa juu ya mashuka mbele ya kila kontena, zikauke zitengenezwe rojo la mwaka. Nergis sasa alijua kuanguka chali, kuanguka ubavu, kujiviringisha. Alikula vizuri zaidi. Lakini asubuhi bado alikaa mbele ya bilauri, na nilipotaja shule aliondoka. Nilianza kukata tamaa upya. Nilijiambia, amejifunza mchezo tu. Septemba itakuja, na geti ni lilelile.

Siku moja Firdevs alianza somo jipya. Alimlaza Gulnaz chali, akamlalia kifuani kwa ubavu, akamshika shingo na mkono.

"Huku ni kumbana mtu chini," aliwaambia. "Ukibanwa, jaribu kutoka. Ukishindwa, au ukiogopa, au hutaki tu, gonga mara mbili. Mkekani au mwilini mwa mwenzako. Ukigonga, tunaachia. Papo hapo. Hatuulizi kwa nini, hatusemi subiri kidogo. Asiyeachia haji tena hapa. Mmenisikia?"

"Tumesikia, Mwalimu!"

Walijigawa wawili wawili. Gulnaz alimlaza Nergis.

"Usiniteme mate, usinitekenye," alisema Gulnaz. "Mengine ruhusa."

Alimbana. Na Nergis akawa mti. Hakujaribu kutoka. Hakugonga. Macho yalikuwa wazi, yanatazama juu, na uso ulikuwa wa rangi ya majivu.

"Gonga basi," alisema Gulnaz. "Nergis? Gonga! Mwalimu, hagongi!"

Gulnaz alimwachia mwenyewe kwa woga. Nergis alibaki vilevile. Firdevs alipiga magoti kando yake. Kabla hajasema neno, Hikmet aliingia mbio, viatu miguuni, akakanyaga mikeka, akamnyanyua mwanawe.

"Mwalimu gani wewe? Nilisema mimi! Nilisema mtamuua!"

"Hikmet," niliita.

"Nyamaza, Semira! Na wewe pia!"

Ndipo Nergis aliposema. Kwa sauti ya kawaida, mdomo ukiwa begani mwa baba yake.

"Niligonga."

"Hukugonga, Nergis," alisema Gulnaz, karibu kulia. "Naapa hukugonga."

"Kule. Niligonga bomba kwa jiwe. Mama naye aligonga. Nagonga mimi, anagonga yeye. Hakuna aliyekuja." Alivuta pumzi. "Halafu mama akaacha."

Hikmet aliketi pale pale mkekani, na mtoto mikononi.

"Nilikuwa nachimba," alisema. "Nilikuwa juu yenu, Nergis. Nilikuwa nachimba."

"Hatukusikia," alisema Nergis.

*

Nimefikiri mara nyingi mtu mwingine angefanya nini pale. Pengine angefunga somo. Pengine angemkumbatia mtoto, na sote tungelia, tukarudi kwenye sponji zetu na minong'ono yetu.

Firdevs alilala chali.

"Nergis," alisema, "njoo unibane mimi."

"Mwache mtoto," nilisema.

"Atakataa akitaka. Nergis?"

Nergis alishuka kwenye mapaja ya baba yake. Alimlalia mwalimu kifuani kwa ubavu, kama alivyoona. Firdevs alihangaika kidogo, kisha akagonga mkeka. Pa, pa. Nergis aliachia.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Tena."

Walirudia mara nyingi. Kisha akaja Gulnaz, kisha wengine, mmoja mmoja. Kila mmoja alilala chini ya Nergis, akagonga, na Nergis akaachia. Hakuna aliyecheka. Mwisho Firdevs alimgeukia Hikmet.

"Baba Nergis, vua viatu. Umenichafulia mikeka."

Hikmet alivua. Soksi yake moja ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba. Alilala chali, mtu mzima wa mabega ya kukanda unga, na binti yake akambana. Hikmet aligonga. Nergis aliachia.

"Sasa wewe," alisema Firdevs kwa Nergis. "Kama unataka. Unaweza kusema hapana."

Nergis alimgeukia baba yake.

"Baba anibane. Kidogo."

Hikmet alimwekea mkono kifuani kana kwamba anafunika unga usipate baridi. Nergis alitazama juu, kwenye turubai. Niliona uso unaanza kubadilika rangi tena. Niliona vidole vinakunjuka.

Pa, pa.

Hikmet aliondoa mkono haraka, kama aliyeungua.

Nergis alikaa. Alimtazama baba yake, kisha kiganja chake, kisha baba yake.

"Tena," alisema.

Baadaye, watoto walipoondoka, alimuuliza Firdevs. "Na jengo likianguka, ukigonga, linaachia?"

"Hapana," alisema Firdevs. "Jengo halijui. Siwezi kukudanganya juu ya majengo. Naweza kukuahidi watu tu. Tena watu nao kuna siku wanachelewa. Lakini wewe gonga. Usiache kamwe kugonga kwa kuwa mara moja walichelewa."

Kisha alinivuta kando. "Mimi si daktari, Semira. Haya ni mazoezi. Yatampa mwili wake, atajua kwamba ni wake. Lakini mambo aliyoyasema leo yanahitaji mtu aliyesomea. Mpeleke kwa yule mama wa kontena la buluu, anayezungumza na watoto. Aendelee na kwangu, na kwake pia."

Tulimpeleka. Alienda kila juma.

*

Sitasema kwamba kila kitu kilibadilika. Kuna siku aliamka na kurudi kwenye kiti cha plastiki, akakaa hadi adhuhuri. Lakini mambo madogo yalianza kuja.

Bi Sabiha alinyoosha mkono kumpapasa kichwa. Nergis alirudi nyuma hatua moja, akasimama imara, kama anavyosimama mkekani.

"Sipendi kupapaswa kichwa, Bibi."

Bi Sabiha alibaki mkono hewani. "Yatima wangu ana ulimi!"

"Naitwa Nergis."

"Ehee! Basi Nergis, kama una nguvu ya kunijibu, nibebee hili sinia."

Nergis alibeba sinia la mikate hadi mwisho wa safu. Na kutoka siku ile Bi Sabiha alirudisha sauti yake ya zamani, kambi nzima ikapata taabu.

Hikmet alibandua sponji mlangoni mwetu. Nergis ndiye aliyemwambia. Mlango ulipojibamiza mara ya kwanza, alishtuka, akashika ukingo wa meza. Hakutoka nje. "Ni mlango," alisema, na akaenda kuufunga.

Mwishoni mwa Agosti Firdevs alituaga. Mama yake alikuwa mgonjwa huko Adana, hakuwa na mtu mwingine. Aliacha mikeka kwa kijana aliyekuwa mmoja wa wale watatu wa zamani. Nergis hakumkumbatia. Alisimama mbele yake, mikono mapajani, akainama. Firdevs naye akainama, chini kuliko kawaida, na alikawia kuinuka. Nilipomwona akienda na mfuko wake mmoja, niliogopa kwamba kila kitu kingeondoka naye.

*

Siku ya kufungua shule, Nergis alifunga kamba za viatu mwenyewe. Hikmet alikuja na vumbi la unga kichwani, moja kwa moja kutoka tanurini. Tulitembea watatu.

Getini alisimama. Alishika vyuma vilevile. Nilihesabu pumzi zake, au pengine zangu. Wale watoto walikuwapo.

"Nergis wa bilauri!" mmoja alisema.

"Ndiyo," alijibu Nergis bila kumtazama. Alikuwa akitazama ukuta. Kisha akanigeukia.

"Mama mdogo, utakaa nje?"

"Nitakaa."

"Nikigonga, utakuja?"

"Nitakuja."

"Hata wakikukataza?"

"Hata wakinikataza. Na baba yako atapita dirishani."

"Atakwama," alisema Nergis, akimtazama baba yake tumbo. Hikmet alitoa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu dada yangu afe.

Darasa lake lilikuwa chini, la mwisho upande wa uwanja. Kizingitini aliweka kiganja ukutani. Alikiacha pale kwa muda. Halafu akaingia.

Nilikaa kwenye jiwe chini ya dirisha lile. Hikmet ilibidi arudi kazini, lakini alikwenda na kurudi, akaenda tena. Nilisikia mwalimu akiita majina. Nilisikia viti vikivutwa. Kisha kukawa kimya, watoto wakiandika.

Naijua namna ile ya kimya. Tulikaa juu ya kifusi cha dada yangu tukiambiana, nyamazeni, sikilizeni, kama kuna anayegonga. Tulinyamaza mji mzima. Sasa nilikaa vilevile, sikio langu ukutani, jua likinichoma shingo, nikisubiri kiganja cha mtoto wake.

Hakikugonga.

Kengele ilipolia alitoka pamoja na Gulnaz, wakibishana juu ya nani ameketi kwenye kiti cha nani. Aliponiona alishangaa kidogo, kana kwamba alikuwa amesahau nipo.

Nyumbani kulikuwa na joto. Alitupa mkoba kitandani, akaenda kwenye friji, akanyoosha mkono juu. Alichukua bilauri. Aliyanywa maji yote, mpaka mwisho, akajifuta mdomo kwa kiganja.

"Yalikuwa ya moto," alisema, akatoka kwenda mazoezini.

Nilibaki na bilauri tupu mkononi. Nilitaka kumwita Vahide, nimwambie. Kisha nikaiosha, nikaiweka pamoja na nyingine.